Nyaya Tatu Nyeusi

Binti yangu aliingia Jumamosi saa nane mchana amelikumbatia begi lake la kazi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nabadilisha zipu ya sketi ya watu. Hakunisalimia. Alikaa sakafuni, akafungua begi, akaitoa ile droni ya kupigia picha na kuilaza juu ya mkeka. Mkono mmoja wa droni ulikuwa umevunjika, umebaki kuning'inia kwa kipande cha plastiki. Kamera iliyo chini ya tumbo ilikuwa imegeuza uso pembeni kama mtu aliyesusa.

"Imekuwaje?"

"Tangi, mama."

"Tangi gani?"

"La maji."

Maneno mengine nilimtoa moja moja. Studio anakofanya kazi ilipewa nyumba ya kupiga picha, nyumba inayouzwa, na mwenye nyumba alitaka ionekane yote kutoka juu. Basi binti yangu akawa anairudisha droni nyuma, nyuma, ili nyumba ienee kwenye picha, macho yake yote kwenye kioo cha rimoti. Kioo kinaonyesha mbele. Nyuma, kwa jirani, kulikuwa na tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Akaligonga kwa mgongo.

"Bosi amesemaje?"

Bosi wake ni mwanamke mwenye studio ya chumba kimoja na maneno ya vyumba sita. Siku hiyo lakini hakuwa na maneno mengi. Alimwambia: "Sitaki hadithi. Jumatatu saa tatu asubuhi nataka nione inaruka. Isiporuka, usije."

Binti yangu alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, zimebaki siku tisa. Kabla ya hapo alizunguka miaka miwili na bahasha yake kwenye ofisi za watu, anarudi jioni viatu vimejaa vumbi na midomo imekauka. Nilimwona anavyokonda. Tangu apate kazi ile alikuwa anaamka anaimba. Kwa hiyo nilipoitazama ile droni pale mkekani, niliona ule wimbo unakatika.

"Nitampelekea baba," akasema, bila kunitazama.

Hapa naomba nieleze, maana wengi wanaijua habari hii kwa upande mmoja tu.

Niliolewa na fundi redio nikiwa na miaka kumi na saba. Shule niliacha darasa la pili, baba yangu alisema inatosha. Kusoma nasoma kwa kufuata kwa kidole, hata leo. Mwaka wa tatu wa ndoa macho ya mume wangu yalianza kukataa vitu vidogo. Miwani hakutaka, alisema fundi mwenye miwani watu watamwona mzee. Tukatundika pazia dukani. Yeye alikaa mbele na koti lake jeupe na mdomo wake mtamu, anapokea redio za watu. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na chuma cha moto, nachoma risasi, naunga nyaya. Wateja wakija kuchukua vitu vyao walimwambia, "Fundi, una mkono wewe!" Naye alicheka tu. Nilikaa nyuma ya lile pazia miaka kumi na minane.

Halafu akapata mwanamke mwingine, kijana, anayejua kuandika risiti. Tulipokaa kikao cha familia wazee waliuliza mimi nilichangia nini kwenye lile duka. Alijibu bila kupepesa macho: "Alikuwa ananishikia taa." Wakacheka kidogo, wakaliandika hivyohivyo. Duka likawa lake, nyumba ikawa yake. Mimi nilitoka na masufuria, na cherehani ya marehemu mama yangu, na chuma changu cha kuchomea risasi nimekiviringisha ndani ya shuka. Mtu mzima, naiba kitu changu mwenyewe!

Huu mwaka wa sita sijakanyaga mlango ule. Na niliapa sitakanyaga, wala kitu cha nyumba yangu hakitakanyaga.

Nikamuuliza binti yangu, "Kwa baba yako hiki kitu kitatengenezwa na nani?"

"Baba si fundi?"

"Nimekuuliza na nani."

Yeye alikulia chini ya meza yangu kule nyuma ya pazia, alikuwa analala kwenye boksi la spika. Alijua.

"Mama, lakini hii siyo redio," akasema taratibu. "Na wewe una miaka sita hujashika."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ukiacha kuunga chaja za simu za majirani, chuma changu kilikuwa kimelala uvunguni. Nilitazama mikono yangu. Nikamwambia: "Nipe mpaka kesho saa nane mchana. Duka lake Jumapili linafungwa saa kumi. Ikifika saa nane haijaruka, mpelekee, na mimi sitafungua mdomo."

"Kweli?"

"Kweli. Niletee mche wa sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Ya kufulia. Lete, wewe."

Sabuni ndiyo daftari langu. Kwa kuwa siandiki, nikifungua kitu nachora umbo lake kwa msumari juu ya mche wa sabuni, na kila skrubu ninayoitoa naichomeka palepale ilipotoka. Ya mguuni inakaa mguuni, ya kichwani kichwani. Skrubu zinafanana kwa macho lakini urefu ni tofauti, na ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi inatoboa bodi ndani, umekwisha.

Binti yangu alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Mama, siku hizi watu wanapiga picha kwa simu ili wakumbuke."

"Picha inashika skrubu zisipotee?"

Tulitoa betri kwanza, kisha nikaanza na bisibisi ndogo ya cherehani. Skrubu kumi na mbili. Mfuniko ulipofunguka niliona kwamba mambo si mabaya sana wala si mazuri sana. Bodi ilikuwa nzima. Kamera haikuvunjika, utepe wake tu ndio uliochomoka kwenye kibanio, utepe mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Niliurudisha kwa nyuma ya sindano huku nimebana pumzi. Kwenye mkono uliovunjika, mota iliyo nchani ilikuwa nzima, lakini nyaya zake tatu zilikuwa zimeng'oka kwenye bodi.

Na zote tatu nyeusi.

Kwenye redio nyekundu ni nyekundu, nyeusi ni nyeusi, hata mjinga anajua. Hizi zilifanana kama mapacha watatu. Nikamuuliza binti yangu ipi inakwenda wapi. Akatafuta kwenye simu, akapata video ya mzungumzaji mmoja amevaa glavu, anaongea lugha ya mbali. Alisikiliza, akarudia, akasikiliza.

"Anasema ukiziunga vyovyote haiungui."

"Haiungui, au haina tofauti?"

"Si ndiyo hayohayo?"

Nilijua siyo hayohayo. Kitu kinaweza kisiungue na bado kikawa kibaya, mimi nimeishi ndani ya ndoa ya namna hiyo. Lakini nilikuwa na haraka, na nilitaka iwe rahisi, kwa hiyo nikakubali. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Kwanza lakini ule mkono wenyewe. Gundi peke yake isingeshika, ulihitaji mfupa. Nilikuwa natazama huku na huku nikasikia sauti juu ya ukuta mfupi wa ua. Jirani yangu tunamwita Tarumbeta, na jina hakujipa mwenyewe.

"Shoga! Nasikia mmeangusha ndege!"

"Ni droni, Tarumbeta."

"Abiria wangapi?"

"Mmoja. Yuko hapa anakaribia kulia."

"Mpe pole. Mnahitaji nini?"

"Mwavuli uliokufa."

Hakuuliza wa nini. Ndiyo maana nampenda, pamoja na makelele yake. Alirusha mwavuli juu ya ukuta, umevunjika mpini. Nilikata ubavu mmoja wa ule mwavuli, kijiti cha chuma chepesi, urefu wa kidole cha kati. Nikaulaza juu ya ule mvunjiko, nikapaka gundi, nikaviringisha uzi wa nailoni, mzunguko ukibanana na mzunguko, kama ninavyofunga ukingo wa tundu la kifungo. Binti yangu alishika bila kutikisika. Alikuwa amerithi hilo kwangu, la kutulia mkono.

Risasi nilichoma dirishani, jua la jioni likiingia vizuri. Mahali penyewe padogo kama punje ya ufuta, patatu, pamepakana. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, risasi ikakaa kibonge, ikabidi niifute. Moshi wake uliponigusa pua, miaka yote ile ilinirudia kwa mkupuo, pazia na joto na sauti ya mume wangu kule mbele akisema "subiri kidogo bwana, namalizia." Nilisimama nikanywa maji. Nikarudi.

"Usikohoe," nikamwambia binti.

"Sikohoi."

"Usipumue pia."

Mara ya pili zilikaa. Tatu, ndogo, zinang'aa. Tukarudisha skrubu kutoka kwenye sabuni, tukatia betri. Taa zikawaka. Kamera ikaamka, ikatazama kulia, ikatazama kushoto, ikatulia. Binti yangu alipiga makofi akanikumbatia, tukaiacha gundi ikauke mpaka kesho.

Jumapili saa nne asubuhi tulitoka uani. Tarumbeta alikuwa ameanua nguo zake zote kwenye kamba kwa hiari yake, amejibanza mlangoni kwake na sufuria kichwani.

"Hilo sufuria la nini?"

"Mimi simwamini rubani."

Binti yangu alisukuma kijiti cha rimoti. Mapanga manne ya juu ya mota yakavuma. Ile droni ikanyanyuka upande mmoja tu, ikajipindua, ikaanguka chali kwenye saruji, ikawa inajipigapiga kama mende aliyegeuzwa. Alipowahi kuizima, mapanga mawili yalikuwa yamekatika.

Tarumbeta alivua sufuria polepole akaingia ndani.

"Mama, basi," akasema binti yangu. "Umejitahidi."

Neno hilo, umejitahidi, niliambiwa pia siku ile ya kikao. Niliiokota droni nikaingia nayo ndani. Nyuma yangu nikamsikia anapiga simu, na kwa kuwa simu yake inatoa sauti kama redio, nilisikia pande zote mbili.

"Lete tu," baba yake alikuwa anasema. "Lete sasa hivi, nipo. Na umwambie mama yako hizo si kazi za cherehani."

Nyuma yake mtu alicheka. Mwanamke.

Nilikaa kwenye kiti changu mbele ya cherehani, mguu ukaenda kwenye pedali wenyewe, bila nguo wala uzi, kwa hasira tu. Gurudumu likazunguka. Nikalitazama linavyozunguka. Na nikiwa nalitazama, nikakumbuka mkanda.

Cherehani ya mama ina mkanda wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu. Mwaka ule niliohamia hapa mkanda ulikatika, nikanunua mwingine, nikauvalisha usiku bila kuangalia, ukajikunja katikati kama namba nane. Nilipokanyaga, cherehani ilikwenda kinyume. Ilizunguka vizuri kabisa, haikukwama, haikulalamika, ila kinyume. Uzi wote ukakatika. Kutengeneza ilikuwa kitu kidogo, kubadilisha pande tu.

"Njoo!" nikaita. "Kata simu, njoo!"

"Mama, nimeshamwambia baba naenda..."

"Saa nane haijafika. Toa hayo mapanga yote, halafu iwashe polepole, pale chini kabisa."

Aliyatoa. Mota nne zikazunguka tupu, kwa sauti ndogo. Nilichukua kipande cha uzi mwekundu nikagusisha ncha yake kwenye kichwa cha mota ya kwanza. Uzi ukavutwa kulia. Nikaenda kwenye ile inayotazamana nayo kwa pembe. Kulia. Ya tatu ikauvuta kushoto. Ile ya nne, ya mkono wetu wa mwavuli, ilipaswa kufanana na mwenzake wa tatu.

Uzi ukaenda kulia.

Binti yangu aliutazama ule uzi, akanitazama mimi. "Inazunguka kinyume."

"Inazunguka kinyume. Yule mtu wako alisema kweli, haiungui. Lete sabuni."

Skrubu kumi na mbili tena. Chuma cha moto tena. Safari hii mkono haukutetemeka hata kidogo, sijui kwa nini, labda hasira ilikuwa imeniishia mguuni. Waya wa katikati sikuugusa. Ule wa kulia niliupeleka kushoto, wa kushoto nikaupeleka kulia. Nikafunga. Tukawasha, nikagusisha uzi, ukavutwa kushoto, taratibu, bila ubishi.

Begini mlikuwa na mapanga ya akiba, moja la kuzunguka kulia na moja la kushoto, na yaliyokatika yalikuwa moja la kila aina. Binti yangu aliyavalisha huku midomo inamcheza. Saa saba na nusu tukatoka uani. Tarumbeta alitokeza kichwa.

"Nivae?"

"Vaa ukitaka."

Mapanga yakavuma. Vumbi likatawanyika. Ile droni ikanyanyuka urefu wa goti, ikasimama hewani, imetulia kama imepigiliwa msumari. Nilitazama ule mkono wa uzi wa nailoni. Haukutikisika. Ikapanda kifuani. Ikapanda mpaka usawa wa bati. Ikaenda mbele, ikarudi, na safari hii kabla ya kuirudisha nyuma binti yangu aligeuza shingo akatazama kilichopo huko.

"Mama, njoo uone," akasema huku machozi yanamshuka hana habari nayo.

Kwenye kioo niliona bati letu lenye kutu, na ua, na watu watatu wadogo. Mmoja alikuwa mimi. Niliona utosi wangu. Kumbe nina kipara kidogo pale katikati, saizi ya kifungo cha koti, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Nipige na mimi!" Tarumbeta akapiga kelele. "Lakini usipige bafu langu, mlango haufungi!"

Saa nane kamili simu ikalia. Baba yake alikuwa anauliza mbona hatokei.

"Usisumbuke, baba. Imeruka."

"Imeruka? Nani kaitengeneza?"

"Mama."

Nilikuwa nimesimama palepale, nasikia anavyopumua. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia nyuma ya pazia pasipokuwa na mteja: "Shida ilikuwa nini?"

Binti yangu akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Anasema ni kazi ya cherehani, baba," akajibu, na kumuaga kwa adabu zote.

Sitadanganya kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe. Lakini nilikula chakula cha mchana siku hiyo nikasikia ladha yake.

Kilichobaki kilikuwa Jumatatu. Binti aliondoka saa moja na nusu asubuhi, begi mgongoni, hakuimba. Mimi nilikaa kwenye cherehani na simu mbele yangu juu ya meza. Saa tatu ikafika. Nilishona pindo la suruali, nikalifumua, nikalishona tena. Nilifikiria gundi, na joto, na upepo wa juu ambao hapa uani haupo. Nilifikiria skrubu ambayo labda niliikaza nusu. Saa tatu na nusu. Nilinyanyua simu kuona kama ina chaji. Ilikuwa nayo.

Saa nne kasoro ikalia.

"Mama."

"Sema."

"Bosi ameirusha mwenyewe. Ameipeleka juu, juu kabisa mpaka ikawa nukta, akaizungusha jengo zima, akairudisha. Ikatua mkononi mwake."

"Halafu?"

"Akaugeuza ule mkono, akautazama sana. Akauliza huu uzi nani kaufunga. Nikamwambia mama yangu."

"Akasemaje?"

"Akasema ni kazi safi. Halafu akasema kesho niwahi saa moja, kuna viwanja vya kupiga picha, mbali kidogo."

"Amesema kesho?"

"Kesho, mama. Na keshokutwa pia."

Nilimwambia vizuri, nikamwambia ale kitu, nikakata. Basi nikateremka kutoka kwenye kiti mpaka mkekani, nikajinyoosha pale chini kati ya vipande vya nguo za watu, mlango wazi, mchana kweupe, na usingizi ukanichukua kama mtoto. Sikuwa nimelala mchana tangu nihamie nyumba hii.

Aliyeniamsha ni Tarumbeta, amesimama mlangoni na mikono kichwani.

"Shoga! Umekufa?"

"Sijafa," nikamwambia bila kufungua macho. "Rudisha huo mlango ukitoka."